Nishani kwa Jina la Kuazima

Nyamirambo, Kigali

12 Septemba 1994

Mvua ya kwanza ya umuhindo, vuli yetu, imepiga mabati ya dada yangu leo asubuhi, nami nimegombana na kapteni kabla haijakatika. Ndiyo sababu naanza daftari hili. Anayegombana na ofisi bila kuandika tarehe huishia kuambiwa kwamba ugomvi wenyewe aliuota.

Madai yangu ni mafupi. Katika vita vya Kagera, mwaka 1979, jeshi la Tanzania lilitoa nishani ya ushupavu kwa mgambo mmoja wa Karagwe. Mgambo huyo alivuka kinamasi chini ya risasi akiwa amembeba mgongoni mkuu wake wa mota, ule mzinga mdogo wa kubebwa, aliyejeruhiwa. Akamlaza upande wa pili, kisha akarudi peke yake na kukitoa kitako cha mota, chuma cha kukalia mzinga huo, kizito kama mlango wa jela. Kumbukumbu za jeshi zinasema mtu huyo ni Respicius Rwechungura. Uongo. Siku hiyo Respicius alikuwa kwao akimenya ndizi. Aliyevuka ni mimi, Twahiru, mzaliwa wa Nyamirambo, mkimbizi tangu 1961, msahihishaji wa magazeti ya watu wengine na mwandishi wa makala ambazo wahariri waliogopa kuzichapa.

Kapteni anaitwa Johnson. Amekulia kambini Uganda, kijana bado, ana macho ya mtu ambaye usingizi ulimwacha zamani. Ofisi yake huandikisha kila mwenye mafunzo ya kijeshi. Dirisha halina kioo. Wameweka turubai, na mvua inaingia hivyo hivyo.

"Mzee, unataka kazi?"

"Sitaki kazi. Nataka marekebisho."

Nikamweleza. Nampa haki yake: alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapangusa uso kwa viganja vyote viwili.

"Mzee, hii maneno iko ya Tanzania. Na Kigali unaiona iko namna gani. Watu hawajamaliza kuzika. Wewe unakuja na mambo ya medali sasa?"

"Sasa hasa," nikamwambia. "Nchi iliyoua watu kwa neno lililoandikwa kwenye kadi zao haiwezi kuniambia kwamba maandishi ni jambo dogo."

Akatazama turubai likipepea. Halafu akasema kwamba mwezi Desemba atapita kanali kutoka Dar es Salaam, mtu anayeshughulikia wapiganaji wa zamani, na kwamba anaweza kunipangia nimwone.

"Lakini huyo mutu mwenye jina, yeye mwenyewe aje, aseme kwa mudomo yake kwamba si yeye. Bila hiyo, mzee, usirudi hapa."

Nitarudi.


13 Septemba

Mvua. Dada hasemi nami kwa sababu nimekanyaga kitambaa cheupe kwa viatu vyenye tope.


16 Septemba

Amesamehe. Dada yangu Mukamana hakukimbia pamoja nasi mwaka ule, alikuwa keshaolewa. Nsabimana, mume wake, alikuwa fundi wa magari Kimisagara. Aliuawa Aprili kwenye kizuizi cha barabarani, kwa neno moja lililokuwa kwenye kitambulisho chake. Mukamana alinieleza mara moja tu, Agosti nilipofika, na hajarudia. Sasa anashona sare za shule barazani kutwa nzima. Shule zinafunguliwa, na watoto waliobaki hawana nguo.

Leo ameniuliza hadithi yangu yote, naye ni mtu asiyeachia uzi mpaka auone mwisho wake.

"Ulivyombeba yule mukubwa wako, naelewa. Mtu iko na damu, huwezi mwacha. Lakini ile chuma? Kwa nini ulirudi?"

"Kwa sababu kilikuwa mali ya umma."

"Hee. Mali ya umma." Akakata uzi kwa meno. "Musaza wanjye, ndugu yangu, ulikuwa hivyo hivyo mutoto. Hata kuiba sukari ulikuwa na hotuba."

Alitaka pia kujua nilipataje jina la Mhaya. Naliandika hapa, kwa sababu Kanali naye atauliza. Vita vilipoanza, kila balozi wa nyumba kumi kule Karagwe alitakiwa kutoa watu wa mgambo. Wakimbizi hatukuruhusiwa. Tulihesabiwa pamoja na wageni na ng'ombe. Mimi nilitaka kwenda: miaka kumi na saba nimekula ugali wa nchi ile, na adui alikuwa amechoma nyumba za walionikaribisha. Ma Koku, mjane jirani yetu, alikuwa na mtoto mmoja, Respicius, na kadi ya mgambo ya Respicius ilikuwa imeshaitwa. Akaja kwangu akiwa ameifunga kwenye upindo wa kanga. Mimi nilipata vita, yeye akabaki na mtoto wake.

Ili pasiwe na usaliti, Respicius nami tulinywana, tukawa ndugu wa kuchanjiana damu. Tunda moja la buni lina punje mbili. Kila mmoja wetu alichanja karibu na kitovu, akapaka damu yake kwenye punje moja, na mwenzake akaimeza. Tangu siku hiyo yeye ni munywani wangu, na sheria ya kunywana ni moja: munywani akikuomba jambo, humkatalii. Anayetangulia kuomba ndiye anayepewa. Mwislamu nimemeza damu, ndiyo. Mungu alikuwepo, na nadhani alicheka.

Vita vilipokwisha nilimrudishia kadi yake nikaenda Dar es Salaam kusahihisha magazeti. Nishani ilipokuja kijijini, ilimfuata mwenye jina. Ningesema nini? Mkimbizi aliyejiandikisha jeshini kwa jina la raia hapewi nishani, hupewa pingu. Nilikaa kimya miaka kumi na mitano. Sasa nimerudi kwetu, lakini jina langu bado liko uhamishoni, na sitaki lifie huko.


24 Septemba

Nimewatuma madereva watatu wa malori ya msaada wanitafutie Respicius huko Karagwe.


30 Septemba

Ubishi msikitini baada ya swala. Mzee mmoja wa duka la viberiti ameniambia kwamba mwenye adabu hatafuti sifa. Nikamjibu kwamba kanuni hiyo ilitungwa na watu waliokwisha kupata sifa zao. Amekasirika. Vizuri.


4 Oktoba

Sikuhitaji kumtafuta. Respicius ni dereva wa malori hayo hayo!

Niliambiwa kuna Mhaya mnene aliyeleta mahindi na ananiulizia. Malori yao hulala Kinyinya, nikapanda kilima kile chote chini ya manyunyu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, amevaa kofia ya sufu. Aliponiona, alijua nimefuata nini. Nami nilijua kwamba anajua. Na kwa kuwa anayetangulia kuomba ndiye anayepewa, akaanza kuongea kabla sijamfikia.

"Ta Twahiru! Waitu, ndugu yetu! Umenenepa! La, umekonda! Hii barabara ya kuja kwenu, nakwambia, mpaka Rusumo mashimo matupu. Tairi limepasuka mara mbili, mara ya pili mbele ya polisi, unajua polisi wa Biharamulo, wewe..."

"Munywani wangu..."

"...wewe unawajua! Mmoja ananiambia, dereva, kizimamoto kiko wapi? Namwambia, afande, mvua yote hii unataka kuzima nini? Mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua. Mbuzi amezaa mapacha..."

Nilisimama mvuani nikisikiliza habari za mbuzi. Kila nilipovuta pumzi, yeye alikuwa keshafika mji mwingine. Mwishowe tingo akapiga honi, Respicius akarukia usukani, akanipungia mkono na kuondoka akiwa bado anaongea.

Mimi, niliyewahi kumnyamazisha diwani mbele ya umati, nimeshindwa na mbuzi.


5 Oktoba

Mukamana amecheka mpaka akachoma kidole kwa sindano. Anasema atampenda huyo mtu.


17 Oktoba

Mvua juzi, jana, leo. Umeme hakuna. Nimepita kwa Kapteni Johnson kumwambia kwamba mwenye jina amepatikana. "Amekubali?" "Bado hajaombwa." Akaniandalia kiti, jambo ambalo halijawahi kutokea.


29 Oktoba

Nimeshindwa. Naandika kwa hasira, na sitaki hasira hiyo ipoe kabla sijamaliza.

Respicius amerudi na mzigo mwingine. Safari hii alikuja mwenyewe Nyamirambo, akanikuta kwenye kibanda cha mishikaki karibu na msikiti, nimekaa na askari wanne niliokuwa nikiwaeleza kwa nini kila ushindi unahitaji upinzani. Nikasema moyoni, hapa hana usukani wa kukimbilia. Lakini askari mmoja aliyelelewa Tanzania alimtambua. Alikuwa amemsikia kijijini, siku ya mashujaa.

"Huyu ndiye Rwechungura wa kinamasi! Mzee, tuambie!"

Respicius akanitazama. Nikamtazama. Akaweka kijiko mezani kiwe mota, kisahani cha pilipili kiwe kinamasi, akaanza.

Mungu wangu, anavyoisimulia! Matete yananong'ona. Damu ya mkuu wa mota inamwingia sikioni ikiwa ya moto, kisha inapoa. Tope linamvua kiatu kimoja, naye anakiomba radhi kiatu. Hayo yote nilimwambia mimi, jioni niliyorudisha kadi, naye ameyatunza vizuri kuliko nilivyoyatunza. Alipofika pale pa kurudi kuchukua kitako, askari waliacha kutafuna. Hata mimi niliacha kutafuna. Akatia na mamba. Mamba hakuwepo! Lakini kwa dakika moja nilimwogopa mamba huyo.

Tukatoka nje, nikiwa bado nimeduwaa kama mtu aliyeibiwa kisha akaonyeshwa mali yake iking'aa dukani. Hapo ndipo aliponiwahi.

"Munywani wangu, nakuomba. Usilitaje jina langu mbele ya huyo Kanali maadamu mama yangu yu hai."

Basi. Amelisema.

"Wewe ni mwizi," nikamwambia.

"Ndiyo, waitu. Lakini nimetangulia." Hakucheka. "Unadhani nimestarehe? Kila mwaka wananisimamisha mbele ya watoto wa shule. Mwanangu wa kwanza wanamwita Kinamasi. Mke wangu alinikubali kwa ajili ya lile tope. Ukinivua hicho, chini hakuna kitu, Ta Twahiru. Kuna mtu aliyekuwa akimenya ndizi."

Nikaondoka bila kumaliza mishikaki yangu.


31 Oktoba

Sitoki.


6 Novemba

Mukamana amegeuka wakili.

"Wewe iko Mwislamu au hapana?"

"Mwislamu."

"Damu iko haramu au hapana?"

"Haramu."

"Basi. Ulichomeza hakikuwa kiapo, ilikuwa uchafu. Nenda kwa Kanali, sema yako. Hata sheikh atakwambia."

Hoja safi. Ningeitunga mimi ningejivunia. Nami, kwa mshangao wangu, nikasimama barazani nikaipinga kwa sauti iliyowatoa mafundi wa jirani milangoni. Nilisema kwamba nimekuja hapa kudai neno lililoandikwa vibaya lirekebishwe. Nikianza kwa kulivunja nililolisema sawasawa, nitakuwa na uso gani? Nilisema kwamba nchi hii imejaa watu waliogundua, walipohitaji, kwamba viapo vyao kwa jirani vilikuwa batili.

Mukamana akaacha kukanyaga cherehani.

"Hiyo ya mwisho usiseme tena mbele yangu," akasema taratibu. "Si kwa sababu ni uongo."

Nikakaa. Nikamshikia kitambaa, akaendelea kushona.


15 Novemba

Kapteni Johnson amenikuta njiani, akasimamisha gari. "Mzee, Kanali atafika mwanzo ya Desemba. Jina yako niache ndani ao nitoe?"

"Liache."

"Mutu wako amekubali?"

"Amekataa."

"Sasa nitaacha kwa nini?"

"Kwa sababu nimekuambia uliache."

Akacheka. Kumbe ana meno mazuri. Akanipa lifti mpaka msikitini na njiani akaniuliza kama mimi huwa nakubali jambo lolote. Nilimwambia ndiyo, mvua.


27 Novemba

Respicius amekuja bila kofia, na bila maneno. Nilijua kuna msiba.

"Mama?"

"Mzima. Afadhali angekuwa mgonjwa." Akakaa kwenye gogo la kupigia pasi, Mukamana akamsogezea chai. "Nilimwambia kwamba nimekuomba unyamaze kwa ajili yake. Nilidhani atanibariki. Amenitukana kuanzia asubuhi mpaka kuku walipolala. Umewahi kufukuzwa kwa fimbo na mzee wa magoti yale? Mimi amenifukuza. Anasema: 'Nilimwazima yule kijana jina. Sikumwambia aniachie vyake. Mwenye kuazima akirudisha kibuyu na maziwa yaliyobaki ndani, yale maziwa ni yako?'"

Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na buni za kutafuna, zile za kukaribishia mgeni, zimepikwa na majani yenye harufu nzuri, na katikati yake nishani. Sikuwahi kuiona. Ni ndogo. Utepe umefifia upande mmoja, upande uliokuwa ukitazama dirisha.

"Anasema ombi nililoliomba kwa jina lake analifuta. Nitakwenda nawe kwa Kanali."

Nilikuwa na hotuba ya miaka kumi na mitano. Badala yake nikachukua punje moja ya buni nikaitafuna, naye moja.

Mukamana akaishika nishani, akaigeuza, akairudisha kitambaani. "Hii ndiyo imefanya kelele yote hii?"


5 Desemba

Naandika yote, kwa sababu kesho asubuhi nitahitaji kuyasoma.

Kanali ni mtu mrefu, mpole, mwenye mvi zilizochanwa vizuri. Kapteni Johnson alikaa pembeni. Respicius akasimama na kusema wazi kwamba aliyevuka si yeye, kwamba alikuwa nyumbani, kwamba jina lilikuwa lake lakini miguu ilikuwa yangu. Alisema lote.

Kanali akafikiri. "Sawa. Basi nitawasikiliza wote wawili. Ndugu Twahiru, nieleze siku hiyo."

Nikamweleza. Nilianza na hali ya vita mwezi ule. Nilieleza kosa la mkuu wa kombania la kutupitisha kinamasini wakati palikuwa na barabara ya juu. Nilithibitisha, kwa hoja nne, kwamba hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kuvuka. Kanali alinikatiza mara moja tu.

"Na ulirudi kwa nini?"

"Kitako kilikuwa mali ya umma."

"Asante. Ndugu Rwechungura?"

"Mimi sikuwepo, Mheshimiwa."

"Nieleze hivyo hivyo ulivyosikia."

Respicius alijitahidi, namshuhudia. Alisimulia kwa kigugumizi, macho chini, alijaribu kuiharibu. Lakini miaka kumi na mitano ina nguvu kuliko nia. Kwenye matete sauti ikabadilika. Damu ikaingia sikioni, ya moto, ikapoa. Kiatu kikaombwa radhi. Mamba hakumtia safari hii, mwaminifu masikini, na bila mamba hadithi ikawa kweli zaidi. Kapteni Johnson alikuwa amejiinamia mbele, mdomo wazi.

Kanali akavua miwani.

"Ndugu Twahiru, nakuheshimu. Lakini wewe unatetea. Huyu anakumbuka." Kisha akamgeukia Respicius kwa upole. "Na wewe, ndugu yangu, nadhani una moyo mkubwa kuliko hata ilivyoandikwa. Unamhurumia rafiki aliyerudi nyumbani akakuta magofu, unataka kumpa kitu. Huwezi kumpa hiki."

Respicius akapiga kelele: "Lakini si mimi!" Kadiri alivyokana, ndivyo uso wa Kanali ulivyozidi kumpenda.

Niliomba siku moja zaidi. Kanali amenipa asubuhi ya kesho kabla ya safari yake. Kapteni alinisindikiza mlangoni. "Mzee," akasema, "leo uliongea kama gazeti."


6 Desemba, alfajiri

Mvua nyembamba. Mukamana alikuwa keshaamka, anapiga pasi ya mkaa. Nikamweleza ya jana. Hakushangaa.

"Mimi pia singekuamini. Nimekuuliza toka Septemba, kwa nini ulirudi? Unanipa hotuba. Sasa nakuuliza mara ya mwisho, musaza wanjye, kisha nanyamaza."

Nami nikamwambia.

Nilikuwa na mkoba wa kitambaa. Ndani yake kadi ya Respicius. Tulipokuwa tukivuta mota niliufunga kwenye mshikio wa kile kitako ili usilowe. Nilipomfikisha mkuu wangu upande wa pili, nikajigusa kiunoni, mkoba haupo. Hapo ndipo nilipoogopa. Si kabla. Risasi sikuziogopa kama nilivyokiogopa kiuno kile kitupu. Bila kadi mimi si mgambo, si Mtanzania, si mtu wa upande wowote. Mimi ni mtu anayeongea Kinyarwanda katikati ya vita vya watu, bila karatasi, na mtu wa namna hiyo hupigwa risasi na pande zote mbili kwa nia njema. Nikarudi. Nikaupata mkoba. Fundo lilikuwa limelowa, halikufunguka. Vidole vilikuwa vya barafu, kisu kilishazama. Sikuweza kuutoa mkoba kwenye chuma.

Basi nikabeba na chuma.

Pasi ilikuwa imesimama hewani. Nilidhani atadhihaki. Alianza kucheka kidogo kidogo, mabega yakitikisika, mpaka akaketi chini na machozi yakimtoka, na sijui ni saa ngapi kicheko kiliacha kuwa kicheko. Sijamsikia dada yangu akicheka namna ile tangu nirudi.

"Kadi," akasema alipopata pumzi. "Wewe ulivuka maji sababu ya kadi. Nsabimana angetupa yake kwenye choo siku ile, angekuwa anatengeneza magari leo." Akajipangusa kwa upindo. "Hii ndiyo neno la kwanza la vita yako nimeamini. Nenda ukamwambie huyo Kanali. Na usiongeze kitu."


6 Desemba, mchana

Sikuongeza kitu. Nilimwambia Kanali kama nilivyomwambia dada, nimesimama, maneno machache kuliko niliyowahi kutumia kuagiza chai.

Respicius, aliyekuwa kwenye benchi la nyuma, akainuka taratibu. "Ilirudi imevimba maji," akasema, si kwa Kanali wala kwangu. "Kadi. Mama aliianika kwenye paa. Alama ya kamba ilikuwa imekata kona. Miaka yote nimejiuliza kwa nini kadi ya mtu wa vitani ina alama ya kamba."

Turubai likapepea.

"Hakuna mtu anayejitungia sababu kama hiyo," Kanali akasema mwishowe. Akavuta karatasi, kisha akasita. "Lakini unanielewa, ndugu yangu. Nishani hii ni ya mtu aliyerudi kuokoa silaha. Maelezo haya nikiyapeleka Dar es Salaam, wanaweza kusema haikustahili. Unaweza kuikosa wewe, na huyu naye asibaki nayo. Kuna njia nyepesi: nikiandika tu kwamba majina yalichanganyika, na ya chuma tukaiacha ilivyo?"

Njia nyepesi! Nimezijua njia nyepesi maisha yangu yote. Zote zilikuwa na jina la mtu mwingine.

"Andika nilivyosema," nikamwambia. "Kwamba aliogopa. Kwamba alirudia kadi. Kwamba chuma kilikuja kwa sababu ya fundo. Andika yote, Kanali, lakini andika ni Twahiru."

Akaandika. Nikamwomba anisomee. Akanisomea. Nikamwomba tena, na Kapteni Johnson akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, sasa ni kiburi," nami nikamwambia ndiyo, na Kanali akasoma mara ya pili.

Nje, Respicius alisimama kando ya lori lake bila kulipanda. Nishani imekwenda na Kanali.

"Na mimi sasa nitasimulia nini?" akauliza. "Siku ya mashujaa watoto watakaa chini wananitazama."

"Kadi ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Basi waambie kuna mtu aliyerudi kinamasini kwa ajili ya kadi yako, naye hakuiachia."

Akalipima hilo mdomoni kama mtu anayeonja chumvi.

"Na mamba?"

"Mamba ni wako. Sijawahi kumdai."


10 Desemba

Mvua imekatika. Makaratasi yamekwenda Dar es Salaam. Wakininyima nishani nitaandika, wakiandika hapana nitaandika tena. Wino ninao na uzee bado. Lakini nimelala usingizi siku tatu mfululizo, jambo ambalo halifai kwa mtu wa kazi yangu.


12 Desemba

Leo Mukamana amefunika cherehani mapema, jua likiwa bado juu. Nikadhani anaumwa.

"Vaa koti."

"Twende wapi?"

"Kwa kapteni wako. Nimesikia wanaandika waliokufa, mtaa kwa mtaa. Mume wangu hakuna aliyemwandika." Alikuwa amejifunga kitenge kipya na viatu vya Idi. "Utasimama pale, utagombana nao mpaka waandike vizuri. Nsabimana, fundi wa magari, Kimisagara. Jina na kazi. Lile neno lingine, la kwenye kadi, waache."

"Wakisema fomu inalitaka?"

"Ndiyo maana nakuchukua wewe."

Nimevaa koti.